Milinganyo minne ya Maxwell ambayo Maxwell hakuiandika

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini hilo litangoja. Wiki jana kijana wa jirani, aliye mwaka wa pili wa fizikia chuoni, alinijia na daftari lake. Amekwama kwenye nadharia ya sumakuumeme na mtihani uko karibu. Alipofungua ukurasa nikaiona mistari minne ile ile, na tumbo likanikaza kama zamani. Mistari hiyo iliwahi kunifelisha.

Sikumsaidia na hesabu, kwa sababu hesabu anaziweza kuniliko. Nilimsimulia historia. Leo nawasimulia na ninyi, pamoja na mambo niliyoyasahau jioni ile.

Shahada yangu ni ya sayansi ya tarakilishi, ila idara yetu ilitutaka tuchukue yuniti kadhaa za fizikia, na moja ilikuwa hii ya sumakuumeme. Tulikaa ukumbi mmoja na wanafunzi wa fizikia wenyewe, sisi nyuma, wao mbele. Siku ya kwanza mhadhiri aliingia, akafuta ubao, akaandika mistari minne iliyojaa pembetatu zilizosimama kichwa chini. Akasema hii ndiyo milinganyo ya Maxwell, ya mwaka 1865, na kwamba anayeijua anajua umeme wote, sumaku yote na mwanga wote. Akageuka, akaanza kukokotoa. Jina la binadamu hatukulisikia tena mpaka muhula ukaisha. Nilikariri kila kitu, pembetatu na herufi zake, na kwenye mtihani nikapata 31. Alama ya kupita ilikuwa 40.

Likizo hiyo nilienda kwa mjomba, nje kidogo ya Voi, nikiwa na fotokopi za noti na mtihani wa marudio mbele yangu. Mjomba amestaafu. Alikuwa fundi wa laini za simu, wale waliopanda nguzo na kushuka kwenye mashimo ya kebo. Aliponiona nimejifungia na makaratasi aliniuliza ninasoma nini. Nikamwambia, "Umeme na sumaku, Mjomba, lakini siuelewi." Akaenda stoo, akarudi na kitu cheusi kizito cha kutosha kiganja, waya wa shaba uliozungushwa kwenye pete ya chuma, na kukitia mkononi mwangu.

"Hii ni koili. Laini ikiwa ndefu, kila baada ya kilomita mbili hivi tulikuwa tunaweka moja. Usipoiweka, sauti inafika kama mtu anaongea ndani ya gunia."

Nikamwuliza kwa nini. Kwa akili yangu ya wakati ule, ukiongeza waya njiani unaongeza kizuizi. Mjomba akacheka. "Hiyo sasa ndiyo uniambie wewe mwenye kusoma, mpwa wangu."

Sikuweza kumwambia. Niliporudi chuoni niliacha noti kwanza, nikaingia maktaba kutafuta nani alifikiria kuweka koili kwenye waya. Nilitafuta koili nikakuta yule mtu aliyeandika mistari minne. Hakuwa Maxwell.

Tuanze na matatizo, maana nadharia hii ilikua pamoja na matatizo ya waya. Mwaka 1858 Waingereza na Wamarekani walilaza kebo ya telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki. Malkia Victoria alimtumia rais wa Marekani salamu za maneno 98, na salamu hizo zilichukua takriban saa 16 kupita. Fikiria hilo, wewe unayelalamika kwamba video inakwama. Alama zilikuwa zinaingia upande mmoja kali na fupi, zinatoka upande wa pili zimetandaa kama wino kwenye karatasi iliyoloa, moja juu ya nyingine. Bwana Whitehouse, mtu wa udaktari aliyekuwa msimamizi wa umeme wa mradi, aliona dawa ni kusukuma kwa nguvu zaidi. Akaipiga kebo kwa takriban volti 2,000. Baada ya wiki chache kebo ikafa.

William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshafanya hesabu tangu 1854 na 1855 kuonyesha kwamba umeme ndani ya kebo ndefu unatambaa kama joto linavyotambaa kwenye fimbo ya chuma: ukizidisha urefu mara mbili, ucheleweshaji unazidi mara nne. Alikuwa na haki kwa kebo za wakati ule, na mwaka 1866 kebo mpya iliyotumia maarifa yake ilifanya kazi. Lakini hesabu yake iliacha kitu kimoja nje. Hicho ndicho kilichokuwa mkononi mwangu kule Voi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme unageuza sindano ya dira. Tarehe 29 Agosti 1831 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, alizungusha waya mbili kwenye pete moja ya chuma, akaunganisha mmoja na betri. Sindano iliyounganishwa na waya wa pili ilitikisika alipowasha na alipozima, na katikati ya hapo ilitulia tuli. Yaani sumaku peke yake haizai umeme. Sumaku *inayobadilika* ndiyo inayozaa. Huu ni mstari wa tatu katika ile minne, na kama mhadhiri angeleta pete na betri badala ya chaki, sidhani ningeusahau.

Faraday hakujua hesabu, na hili alilisema mwenyewe. Alichokuwa nacho ni picha: aliona nafasi iliyo tupu kuzunguka sumaku imejaa mistari ya nguvu, kama unga wa chuma unavyojipanga juu ya karatasi. Wanahesabu wengi wa wakati wake waliona picha hiyo ni ya kitoto. Aliyeichukua kwa uzito ni kijana wa Scotland aliyezaliwa mwaka ule ule wa pete, 1831, James Clerk Maxwell. Mwaka 1857 Faraday, mzee wa miaka 66, alimwandikia Maxwell akimwuliza kama wanahesabu hawangeweza, wakishamaliza kazi yao, kuyaeleza matokeo kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye wapate kuyatumia. Niliposoma habari ya barua hiyo nikiwa na 31 yangu, nilihisi mzee ananiombea mimi.

Maxwell alifanya kazi hiyo kwa hatua. Hapa vitabu vya kiada hutudanganya kidogo, kwa nia njema. Vitabu husema hivi: chukua waya, ukatie katikati, weka bamba mbili za chuma zinazotazamana bila kugusana. Umeme unapojaa kwenye bamba, mkondo uko ndani ya waya, lakini kati ya bamba hakuna chaji inayopita. Je, sumaku inayouzunguka waya inakatika hapo? Haikatiki. Basi, husema vitabu, Maxwell aliona kasoro hiyo akaongeza kipande: uga wa umeme unaobadilika nao huzaa sumaku, sawa na mkondo.

Ni maelezo mazuri, na kwenye mtihani yaandike hivyo hivyo. Ila Maxwell hakufika hapo kwa njia hiyo. Katika maandishi yake ya 1861 na 1862 alichora mashine. Aliwazia nafasi imejaa vimbunga vidogo vinavyozunguka, na kati yake vijigololi vinavyobiringika kama gololi za beringi ili vimbunga visisuguane. Akauliza mashine hiyo ikiwa na unyumbufu kidogo itafanya nini, na kile kipande kikatokea. Kisha akakokotoa mtikisiko utapita kwa kasi gani ndani ya mashine yake, akitumia vipimo vya umeme na sumaku tu ambavyo Weber na Kohlrausch walivichukua maabara mwaka 1856. Akapata karibu kilomita 310,740 kwa sekunde. Kasi ya mwanga ambayo Fizeau alikuwa ameipima Ufaransa mwaka 1849 ilikuwa karibu 315,000. (Leo tunajua ni 299,792 na kitu.) Hakuna taa iliyowashwa katika vipimo vya Weber na Kohlrausch, lakini namba ya mwanga ndiyo iliyotoka.

Mimi ni mwandishi wa programu. Najua hisia ya kuandika kitu cha ovyo, chenye gololi na vimbunga, ambacho kinafanya kazi kabla hujajua kwa nini. Baadaye unakisafisha, na mgeni akiona toleo safi anadhani ulizaliwa nalo. Maxwell mwenyewe alisafisha mara ya kwanza: katika maandishi ya 1865 mashine imeondoka, imebaki hesabu. Lakini ni hesabu gani? Milinganyo 20, yenye vitu 20 visivyojulikana, kila mwelekeo wa nafasi umeandikwa peke yake. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1873, juzuu mbili nene, hakikurahisisha sana mambo. Alifariki Novemba 1879, akiwa na miaka 48, na hakuna mtu aliyekuwa ametengeneza wala kunasa kwa makusudi mawimbi yale aliyoyatabiri.

Mwaka huo huo wa 1879, kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Neno letu *simu*, ambalo asili yake ni la Kiajemi lenye maana ya waya, lilikuwa la telegrafu kabla halijawa la kuongea, na redio ilipokuja wazee wakaiita *simu ya upepo*. Jina hilo napenda kuliko yote yaliyofuata.

Sasa ndiye huyu mtu niliyekuwa namtafuta. Oliver Heaviside alizaliwa London mwaka 1850 katika nyumba ya shida. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia masikio mabovu. Aliacha shule akiwa na miaka 16, hakukanyaga chuo kikuu, akaajiriwa kupokea na kutuma telegrafu kwenye kampuni ya Kidenmaki, na kwa miaka kadhaa alikuwa kituo cha Newcastle. Huko aliona jambo la ajabu: kwenye kebo ya Denmark, alama zilikuwa zinapita haraka zaidi upande mmoja kuliko upande mwingine. Waya ni ule ule! Wengine waliandika kumbukumbu na kuendelea na kazi. Yeye lilimkaa kichwani.

Alipokutana na kitabu cha Maxwell hakuelewa hata robo, kwa maneno yetu. Mwaka 1874, akiwa na miaka 24, aliacha kazi, akarudi kwa wazazi wake, akajifungia chumbani kukisoma. Hakuajiriwa tena maisha yake yote. Sasa wewe jaribu kumwambia mama yako hivyo.

Ilimchukua miaka. Alipotoka upande wa pili alikuwa na Maxwell ndani ya kichwa, lakini si kwa umbo la Maxwell. Alijitengenezea hesabu ya vekta, ambapo herufi moja inabeba mielekeo yote mitatu, na hivyo mistari mitatu ikawa mmoja. Kisha akaviondoa vile viitwavyo potenshali, ambavyo kwa Maxwell vilikuwa kitovu cha kila kitu, akabakiza uga wa umeme na uga wa sumaku peke yake. Mwaka 1885, katika jarida la kibiashara la mafundi lililoitwa *The Electrician*, milinganyo ikasimama minne. Chaji ndizo chanzo cha uga wa umeme. Sumaku haina chanzo cha namna hiyo, maana ukikata sumaku vipande kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili. Sumaku ikibadilika, umeme unaizunguka. Mkondo ukipita au umeme ukibadilika, sumaku inauzunguka. Hiyo ndiyo minne niliyoiona ubaoni nikaambiwa ni ya mwaka 1865.

Heinrich Hertz naye, huko Ujerumani, alifika kwenye umbo linalofanana, na mwaka 1890 alipolichapisha alikiri kwamba Heaviside alimtangulia. Kwa muda fulani watu waliiita milinganyo ya Hertz na Heaviside. Heaviside mwenyewe alisisitiza kwamba wazo ni la Maxwell, na jina likabaki hapo.

Turudi kwenye koili ya mjomba. Kila kipande cha kebo kina mambo manne: ukinzani wa shaba, uwezo wa kebo kuhifadhi chaji kama ndoo, kuvuja kidogo kwa umeme kupitia ganda lake, na ile tabia ya sumaku inayouzunguka waya kukataa mabadiliko ya ghafla, ambayo wataalamu huiita indaktansi. Thomson alikuwa ameiacha hii ya mwisho. Heaviside aliiingiza, na mwaka 1887 akaonyesha kwamba uwiano wa indaktansi kwa ukinzani ukilingana na uwiano wa ndoo kwa uvujaji, alama itadhoofika njiani lakini haitatandaa. Itafika ndogo, lakini itafika na sura yake. Katika kebo za kawaida indaktansi ni ndogo mno, kwa hivyo dawa ni kuiongeza. Zungusha waya. Weka koili njiani.

Mkubwa wa mafundi katika idara ya posta ya Uingereza, William Preece, aliamini kinyume kabisa, kwamba indaktansi ni adui wa simu. Makala ambayo Heaviside aliiandika na kaka yake Arthur, mfanyakazi wa posta hiyo hiyo, ilizuiwa na Preece isitoke. Mwaka huo huo jarida nalo likasimamisha mfululizo wake. Preece alikuwa na ofisi, cheo na uzoefu wa miaka mingi. Heaviside alikuwa na chumba kwa wazazi na masikio mabovu. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya kazi inayofanana na hii, ila sitasema wapi.

Kilichomwokoa ni Hertz. Mwaka 1887 na 1888 huko Karlsruhe, Hertz alirusha cheche kati ya vigololi viwili vya chuma, na upande wa pili wa ukumbi pete ya waya yenye mwanya mdogo ikarusha cheche yake ndogo bila kuunganishwa na chochote. Akasimamisha bati la zinki ukutani ili mawimbi yarudi, akatembea na pete yake akitafuta mahali cheche inapokua na inapofifia, na hivyo akapima urefu wa wimbi kwa mita kama unavyopima kitambaa. Stesheni ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. La waifai yako ya nyumbani ni kama sentimita 12. Ni mawimbi hayo hayo. Ghafla kila mtu alitaka kumwelewa Maxwell, na aliyemwelewa vizuri kuliko wengi alikuwa yule wa chumbani. Mwaka 1889 Thomson mwenyewe alimsifu hadharani, na 1891 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society.

Hela hazikumfuata. Koili zilianza kutumika Marekani kuanzia mwaka 1900; hataza alipata Michael Pupin, na kampuni ya simu ya AT&T ikamlipa vizuri. Heaviside hakuwa ameandikisha wazo hilo. Aliishi kwa pensheni ndogo ya serikali, akafariki Torquay Februari 1925.

Msidhani namfanya mtakatifu. Zile potenshali alizozitupa zilirudi. Fizikia ya kwanta ilizihitaji, na mwaka 1959 Aharonov na Bohm walionyesha kwamba elektroni inaweza kuathiriwa na potenshali hata pale ambapo uga wenyewe ni sifuri. Nani kati yetu hajawahi kufuta faili kwa kuwa "haitumiki", akaitafuta usiku wa manane?

Hata koili zilifika mwisho wake. Koili inasafisha sauti ya mtu, lakini inakata masafa ya juu ambayo intaneti ya laini ya shaba inayahitaji. Mjomba aliniambia miaka yake ya mwisho kazini alikuwa anashuka kwenye mashimo yale yale kuzitoa. Ndiyo sababu moja ilibaki stoo. Mwaka 2009 kebo za nyuzi za kioo, SEACOM na TEAMS, zikatua Mombasa, na siku hizi kinachopita chini ya bahari ni mwanga. Kwenye nyuzi nako mapigo ya mwanga hutandaa safarini, na wahandisi wanapambana na tatizo la mwaka 1858 kwa kasi nyingine.

Mtihani wa marudio nilipata 57. Swali la tatu lilikuwa la laini ya kebo, nikaandika kurasa nne, nikaishiwa na muda kwenye swali la tano.

Kijana wa jirani alisikiliza yote haya akigeuzageuza koili mkononi, kisha akauliza kama kwenye mtihani anaweza kuandika "milinganyo ya Heaviside". Nikamwambia aandike Maxwell. Koili ameondoka nayo, anasema anataka kumwonyesha mhadhiri wake. Nimempa hadi Ijumaa.